Mrija Niliouvuta Bila Kumeza

Mapendo mwanangu,

Valizi yako nimekwisha kuifunga na kamba, blanketi iko juu. Habari za sabuni, za kuvaa sweta kwa sababu Bukavu iko baridi, za kutolala na nywele mbichi, hizo siandiki. Nimezisema juma zima mpaka jana ukaniambia, "Mama, hata Mungu alipumzika siku ya saba," na minye nikacheka. Sasa umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Nimekaa nyuma ya nyumba na kaye yako ya shule ya mwaka jana, nimechana karatasi za katikati ambazo hukuziandika. Usicheke herufi zangu. Nilisoma miaka miwili kwa katekista, na mwaka wa pili nilikuwa nakwenda na mjomba wako Yakobo mgongoni, analia, ninaandika huku ninamtikisa. Ndiyo maana mpaka leo mistari yangu inapanda kilima.

Ni habari ya Yakobo ninayotaka kukuandikia. Weye unaijua vile watu wote wa hapa Makobola wanavyoijua: kwamba Mama Lazaro, yule mjane wa ku daraja, alimloga akawa kichaa. Uliporudi kutoka ng'ambo kwa bibi yako, mama wa baba yako, vita imekwisha, ndivyo ulivyoambiwa, na minye nilikuacha uamini. Umekua ukiipita nyumba yake kwa upande wa pili wa barabara. Minye ndiye niliyekufundisha kupita hivyo.

Si kweli, Mapendo. Hakuna mtu aliyemloga. Kesho unakwenda kujifunza uinfirmie, kazi ya kuuguza wagonjwa, na siku moja watakupa ufunguo wa kabati la dawa. Sitaki uushike ufunguo huo kabla ya kujua mikono ya mama yako ilifanya nini.

Yakobo alizaliwa na kifua kibaya. Usiku mwingine alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayekokota mtumbwi juu ya mawe. Mama yetu alikuwa anakwenda nyuma ya zizi la mbuzi kuchuma jani moja la rwiziringa. Unaujua ule mmea, ua lake jeupe, refu, mdomo wake umefunguka kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba. Alilikausha, akalichoma juu ya kigae, na Yakobo akavuta moshi kidogo. Kifua kilifunguka. Jani moja, si mawili. Mbegu, hata siku moja. Nilipomuuliza mama kwa nini mbegu hapana, alinipiga kofi la mkono. Sikuuliza tena. Elimu yangu yote ya dawa ilikuwa jani moja na kofi moja.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma barabarani mpaka viatu vya wenye viatu vikakatika. Miaka michache baadaye, waliotuahidi mambo mengi walikuwa wamenenepa, na vijana walikuwa wamekaa ufukweni bila kazi. Waasi waliposhuka, wengi walifurahi. Hata minye, sitajificha, niliwapigia vigelegele.

Walikuja na munganga wao. Ninaandika jina hili la munganga na mate yananijaa mdomoni. Alikuwa mnene wakati watu wote walikuwa wamekonda. Alivaa ngozi ya mnyama ambayo haikukauka vizuri, ilikuwa inanuka, na inzi walimfuata kama wanafunzi. Kucha zake zilikuwa na mstari mweusi. Aliwachanja vijana kifuani kwa wembe mmoja, wote wembe mmoja, akapaka majivu, akawamwagia maji, akawapa sheria: usimguse mwanamke, usitazame nyuma, usikimbie. Risasi zitakuwa maji, alisema. Na kijana akianguka, basi alivunja sheria, alimgusa mwanamke. Wakati wote kosa lilikuwa la yule aliyekufa. Kisha aliwavutisha bangi, na wao wanacheka, macho mekundu, wanamwita baba.

Yakobo walimchukua kanisani, hakujitolea. Lazaro, mtoto wa yule mjane, alikwenda mwenyewe ili asimwache Yakobo peke yake, kwa sababu walikuwa wamevua samaki pamoja tangu wadogo. Hilo pia hukuambiwa.

Siku moja munganga alikuja ku kiwanja tulipokuwa tunapika, sisi wanawake kama sita. Alisema bangi yao imekuwa dhaifu, vijana wanaanza kuogopa, na kwenye uwanda wa Ruzizi kuna bunduki nyingi zinawangojea. Akauliza kama huku kwetu hakuna kitu cha nguvu zaidi. Wanawake wote waliinamia vyungu vyao. Mama Lazaro alikuwa karibu yangu, alinibana mkono hapa juu ya kiwiko, akasema bila kufungua meno, "Nyamaza, weye."

Mwanangu, tangu nizaliwe hakuna mwanaume mkubwa aliyekuwa ameniuliza kitu. Baba yako, Mungu amrehemu, aliniuliza chumvi iko wapi. Katekista aliniuliza kwa nini nimechelewa. Sasa mtu anayeogopwa na majemadari anauliza, na jibu minye ninalo.

Nikasema, "Iko."

Nilimpeleka mwenyewe nyuma ya zizi. Alipoona matunda yale ya miiba alifurahi, akataka mbegu. Nilimwambia mama yangu alikataza mbegu. Akawageukia vijana wake. "Mama yake alikuwa daktari," akasema, "mulisikia?" Wakacheka. Na minye, kwa sababu ya kicheko kile, ili wasinicheke tena, nilikaa chini nikapasua matunda moja moja na kisu, nikajaza sahani ya mbegu. Miiba ilinichoma vidole. Nilikuwa ninaona fahari, Mapendo.

Kasiksi ilikuwa tayari mu mtungi, pombe ya ndizi niliyoikamua mwenyewe. Akatwanga mbegu na bangi, akamwaga ndani. Majani mengine aliyatafuna, shavu limevimba, akatema mumo humo, uzi wa mate unaning'inia kwenye mdomo wa mtungi wangu, akaukata kwa kidole. Mtungi wa mama yangu.

Sasa unajua desturi yetu. Mwenye kutengeneza pombe ndiye anayetangulia kuvuta mrija, wageni waone kwamba haina sumu. Waasi walikuwa wameambiwa kwamba sisi watu wa ziwa tuna sumu ya polepole, basi hakuna aliyegusa mrija. Wote waliningojea. Na Yakobo, ambaye hakuwa mnywaji, ambaye mu kanisa alikuwa anaimba sauti ya chini, alisimama mbele yangu na mrija mkononi.

"Dada," akaniuliza, "iko muzuri?"

Niliinama. Nilivuta mpaka mashavu yakajaa. Ilikuwa chungu chini ya utamu, ulimi ulikauka mara moja. Sikumeza. Nilichezesha koo langu juu na chini kama anayemeza, kisha nikamwitikia kwa kichwa. Na mdogo wangu akacheka kidogo, akanywa. Lazaro akanywa. Wote wakanywa, wakavuta mirija mpaka mtungi ukalia chini.

Minye nilikwenda nyuma ya nyumba, nikatema chini ya mgomba. Kuku alikuja akadonoa pale nilipotema. Baadaye kidogo alikuwa anazunguka, bawa moja chini, anagonga kichwa ku ukuta. Nilisimama nikamtazama kuku. Ningeweza kurudi kupiga kelele. Nilimfukuza kuku kwa mguu nikarudi kuosha sahani.

Haikuwa muda mrefu. Macho yao yakawa meusi yote, ile rangi ya kahawia ya pembeni imepotea. Midomo mikavu, wanalamba, hakuna mate. Yakobo alikuwa moto kama chungu lakini bila tone la jasho. Alikuwa anachuma kitu hewani, kama mtu anayetoa nyuzi kwenye nguo ambayo haipo. Nikamshika, akanitazama kwa upendo sana, akasema, "Mama, umefika lini?" Mama yetu alikuwa amekufa tangu miaka mitano.

Munganga akapiga makofi. "Dawa imeingia," akasema.

Walipanda magari kwenda uwanda. Yaliyotokea karibu na Sange niliyasikia kwa kijana mmoja aliyerudi, na baadaye kwa Yakobo mwenyewe. Walitembea wima kuelekea bunduki, wengine wanaimba, wengine wanaongea na watu wasiokuwepo, na risasi hazikuwa maji. Lazaro alipigwa mguuni. Kiu ya rwiziringa ilikuwa inamuua kuliko jeraha, akawa anatambaa mu shamba la mpunga kutafuta mfereji. Yakobo alimwona anatambaa. Alikuwa na panga.

Aliporudi, siku ya tano, alikaa hapa hapa nilipokaa sasa. Alisema polepole, kama mtoto anayeuliza swali la shule, "Dada, nilikata mamba. Mbona yule mamba alivaa shati ya Lazaro?"

Nilimletea chakula.

Mama Lazaro alimzika mtoto wake bila kuona uso wake. Yakobo alianza kutembea barabarani akijisemesha, akichuma nyuzi mu shati lake, na watu wakatafuta sababu. Sababu ilikuwa karibu sana: mtoto wa mjane ameuawa na Yakobo, kumbe mjane amelipiza. Walipiga mawe bati lake. Walichoma vichanja vyake vya kuanikia ndagala. Waliacha kumwita kwa jina la mtoto wake, wakamwita yule wa ku daraja, na mpaka leo hakuna anayekunywa hata maji kwake. Wazee wa kanisa waliniita. Mmoja akauliza kama Yakobo aliwahi kula mu nyumba ya yule mwanamke. Nilisema ndiyo. Alikula kwake mara elfu tangu hana meno, kila mtoto wa hapa alikula kwake. Nilisema ndiyo na nikafunga mdomo, na wao wakaandika.

Yakobo hakupona. Weye mwenyewe ulimwona, bangi asubuhi, pombe kali ya kanyanga mchana, mpaka walipomkuta ufukweni mu maji yasiyofika magoti. Uliniuliza kwa nini nililia bila sauti. Nilikuwa ninajichukia kwa namna ambayo sauti haitoki.

Baada ya mazishi nilichukua tunda moja la miiba mu kitambaa, nikaenda Uvira kwa yule infirmie mzee wa dispansere, ambaye amekufa mwaka jana. Nilimwambia ni habari ya jirani. Nadhani alijua. Hakunikemea. Alinionyesha kufuli la kabati lake la dawa.

Alisema mu ubongo wa mtu kuna kufuli nyingi, ndogo sana, hata jicho haliwezi kuziona, na mwili wenyewe unatengeneza funguo zake. Ufunguo huu ukiingia, mate yanatoka. Huu, moyo unapunguza mbio. Huu, unakumbuka uso wa dada yako. Basi mimea mingine ina kitu mu tumbo lake kinachofanana na ufunguo wa mwili. Cha rwiziringa kinaingia mu kufuli lakini hakigeuki. Kinakwama. Ufunguo wa kweli ukija unakuta tundu limejaa. Ndiyo maana mate yanakauka, macho yanafunguka, moyo unakimbia, na mtu anaona mamba mahali pa rafiki. Cha bangi kinaingia na kinageuka, alisema, lakini kinageuza kufuli ambazo mwili ulitaka kuzigeuza kidogo kidogo na kwa zamu. Na ile sindano ya maumivu makali, ya morfini, inageuza kufuli la maumivu vizuri kabisa, na mtu akizoea hawezi tena kulala bila hiyo.

Nilimuuliza kwa nini yule mtu hakupona. Akasema kitu cha mmea kilitoka mu kichwa chake mu siku tatu, nne, kufuli zikawa wazi. Kilichobaki ni kile alichokifanya wakati zimekwama. Bangi na kanyanga alizitafuta ili asahau hicho.

Kisha akafungua kabati, akanionyesha chupa ndogo kama kidole. Alisema hii iko ya ukoo mmoja na tunda lako, wanamchoma mgonjwa kabla ya kumpasua ili mate yasimwingie mu mapafu. Inaokoa watu. Nikasikia kichefuchefu, Mapendo, nikatoka nje nikatapika ku ukuta wa dispansere. Nilikuwa nimetaka aniambie ule mmea ni wa shetani. Nilikuwa nimekwisha kuung'oa wote nyuma ya zizi na kuuchoma, nikasimama mbali na moshi. Lakini yeye aliniambia mmea hauna neno, neno ni nani aliyeushika, kiasi gani, na nani alimuuliza mgonjwa.

Hakuna aliyemuuliza Yakobo. Yeye ndiye aliyeuliza, na minye nikamwitikia kwa kichwa.

Basi utakuwa na kabati lako. Watakuja watu. Watakuja wenye nguo za kijeshi, na wenye nguo nzuri, na pengine mtu wa kanisa, na mmoja atakuuliza mbele ya wengine kama unajua kitu cha nguvu. Utasikia ile joto mu kifua, ya kuwa mtu anayejua. Ninaiogopa joto hiyo kuliko ninavyoogopa baridi ya Bukavu. Ikija, kumbuka mkono wa Mama Lazaro hapa juu ya kiwiko. Na mgonjwa akikuuliza kama dawa iko muzuri, mwambie unachokijua, na usichokijua mwambie hukijui, hata daktari akukasirikie. Sina mengine. Ningekuwa nayo ningeyafanya siku ile.

Kuna jambo moja la leo. Ulipoondoka asubuhi kwenda sokoni, nilikwenda ku daraja.

Alikuwa anageuza ndagala juu ya kichanja. Aliniona, hakusimama. Nilibaki nimesimama pale barabarani, wapita njia wananitazama, na nilimwambia yote, mbegu, mrija, koo langu, na lile ndiyo nililowapa wazee. Nilimwita Mama Lazaro. Aliendelea kugeuza samaki mpaka safu ikaisha.

"Nilikubana mkono," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Nilikubana sana."

Kisha akanitukana. Siwezi kuandika matusi yale, mengine ni ya mama yetu na mengine ni ya tumbo lililokuzaa weye. Aliyasema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha ambayo ameitunza miaka hii yote, na minye niliyapokea yote, kwa sababu yalikuwa yangu. Alipomaliza aliingia ndani. Nilifikiri amenifukuza, nikageuka. Akatoka na mtungi mdogo wa kasiksi na mirija miwili, akauweka chini kati yetu.

Unajua minye siwezi tena kunusa ndizi zinazochacha. Nilisikia harufu na mate mabaya yakajaa mdomo wangu wote. Yeye aliinama, akatangulia kuvuta. Alifungua mdomo wake wazi, mtupu, nione. Kisha akanitazama kooni.

Nilivuta. Nilimeza, na tena, na yeye anahesabu kwa macho, mbele ya wauza samaki wote waliosimama na ndoo zao. Hakuniambia amenisamehe, na sidhani amenisamehe. Aliuliza tu yule mtoto anaondoka lini. Nikasema kesho, na kamyo ya kutoka Fizi. Akasema inasimama pale ku daraja kupakia samaki.

Sasa kivuli cha mlima kimekwisha kufika ku maji, lakini upande wa Burundi bado kuna jua. Ninakusikia unakuja, unaimba ule wimbo wenye sauti ya chini ambayo hakuna wa kuiimba. Karatasi hii nitakupa baada ya chakula, na unaweza kunichukia usiku mzima, niko mu chumba cha pili. Lakini kesho kamyo ikisimama ku daraja, shuka. Mpigie magoti, mwite Mama Lazaro kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Atatoa mtungi. Atatangulia yeye, kisha atakutazama.

Meza, mwanangu.

Minye mama yako